Maswali ya Nyumbani: Ndege Ipitayo Chini Juu ya Mji

Mwezi huu twapenda kujibu swali ambalo watoto huliuliza, na watu wazima hulinyamazia kwa kuona haya. Ndege kubwa za abiria zina anga zima la kupita. Mbona mara nyingine huja chini, hata mtu akadhani zitagusa mapaa ya nyumba katikati ya mji? Je, rubani amepotea njia?

Sababu iliyo kubwa ni upepo. Ndege hutua ikiuelekea upepo, kwa maana upepo utokao mbele husaidia mabawa kuichukua, nayo huweza kugusa ardhi kwa mwendo mdogo na kusimama mapema. Na tuutazame mji wa London. Kiwanja chake kikubwa, Heathrow, kilichofunguliwa kwa safari za raia mwaka 1946, kiko upande wa magharibi wa mji. Njia zake za kutulia zimelazwa mashariki na magharibi, na siku nyingi upepo wa huko hutoka magharibi. Basi ndege hazina budi kuja kutoka mashariki, na mashariki ya kiwanja ndiko uliko mji wenyewe.

Wala ndege haianguki kutoka juu kama jiwe. Hushuka taratibu, kwa mteremko wa digrii 3, ndiyo kusema futi 300 na zaidi kidogo kwa kila maili ya bahari. Kwa sababu hiyo yapaswa kuanza kushuka ingali mbali. Ikiwa juu ya kati ya London, urefu wake huwa kama futi 3,000 au 4,000. Aliye chini huona kuwa ni karibu mno, kwa kuwa jicho hudanganyika na ukubwa: mabawa ya ndege iitwayo Airbus A380 hukaribia mita 80 kutoka ncha hata ncha. Kitu kikubwa namna hiyo huonekana kuwa karibu na kwenda polepole, hali sivyo kilivyo.

Sheria za anga nazo zasema kwamba, isipokuwa katika kupaa na kutua, ndege ipitayo juu ya mji iwe futi 1,000 juu ya kilicho kirefu kupita vyote hapo karibu.

Ni kweli ziko siku za hatari. Tarehe 15 Januari 2009, ndege iliyopaa kutoka kiwanja cha LaGuardia, New York, iligongana na kundi la mabata bukini, injini zake mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliona kwamba hataweza kufika kiwanja chochote, akaishusha katika mto Hudson, ubavuni mwa mji. Watu wote 155 waliokuwamo waliokoka.

Lakini miezi mitatu baadaye, mji ule ule uliona jambo jingine. Tarehe 27 Aprili 2009 ndege kubwa ya serikali, ya namna ya Boeing 747 ambayo humchukua Rais wa Marekani, ilipita chini juu ya bandari, na ndege ya vita ikiifuata. Rais hakuwamo. Ilikuwa ikipigwa picha tu karibu na Sanamu ya Uhuru. Wakubwa kadha wa kadha walikuwa wameambiwa mbele, ila walikatazwa kuwatangazia watu. Wenyeji, wakikumbuka mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, walitoka maofisini mbio, wengine wakilia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkuu wa ofisi iliyohusika alijiuzulu mwezi wa Mei.

Tuyapime mambo hayo mawili. Ndege ya mwezi wa Aprili haikuwa na hatari yoyote, hata hivyo iliwatia watu hofu kuu, kwa kuwa wenye habari waliificha. Neno moja lililosemwa mapema lingalitosha.

Basi, wazazi, mtoto akiuliza juu ya ndege, msimwambie, "Nyamaza." Mwelezeni. Nanyi walimu mnaokaa karibu na kiwanja cha ndege, watoeni watoto uwanjani, warushe vumbi kidogo wapate kujua upepo watoka wapi, kisha wakisie ndege itatua kutoka upande gani. Upepo ukigeuka, wataona ndege nazo zageuza njia. Mtoto aliyekwisha kuona hivyo kwa macho yake hatakimbia asikiapo mngurumo juu ya paa. Na jirani akianza kueneza uvumi, yeye ndiye atakayemtuliza.