Makaburi ya Nakivale yaandikwe, wazee wangalipo

Mfanyabiashara anayefuata matoke Rwekubo, wilayani Isingiro, si ajabu akaagizwa na jirani yake wa Rwanda jambo lisilo na bei: akifika huko, amuulizie kaburi la babu.

Agizo hilo lina historia. Makazi ya Nakivale yalianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi waliishi huko zaidi ya miaka 30, wakazaa na wakazika. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 walirejea kwao, na leo Nakivale ni makao ya Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Waliorudi waliondoka na watoto na vyombo. Makaburi hayabebeki.

Sasa wajukuu wanatafuta. Kaburi lisilojengewa huwa na alama ya mawe au mti tu, na pengine liko katikati ya migomba ya mtu mwingine. Tena mgeni anayeulizia kaburi hushukiwa kwamba anataka ardhi. Mwenye shamba hunyamaza, hata kama anapalilia kando ya kaburi hilo kila msimu. Tusimlaumu. Penye migogoro ya ardhi kati ya wenyeji na wakimbizi, kaburi la mtu laweza kugeuzwa ushahidi kwamba shamba lilikuwa lake.

Gazeti hili linaona hofu hiyo inaweza kuondolewa bila kumpokonya mtu shamba. Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi hayo, ishirikiane na wenyeviti wa LC1 kufungua daftari la makaburi ya zamani: jina la marehemu, mahali alipozikwa na mzee aliyeonyesha. Daftari litamke wazi kwamba kuzuru kaburi si kudai ardhi, na mgeni atie saini mbele ya mwenye shamba. Nayo makanisa ya Mbarara na Isingiro yaziruhusu familia kuangalia vitabu vyao vya ubatizo na mazishi.

Wafanyabiashara, nanyi mna sehemu yenu. Tangu 2014 raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na ninyi ndio mnaovuka mara nyingi zaidi. Anayeagizwa asibebe jina tupu. Aulize kwanza ukoo wa marehemu, mwaka aliofariki, kanisa alilosali na majirani zake. Akifika, aanzie kwa mwenyekiti, asiingie shambani mwa mtu.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Kwenye mpaka wa Mirama Hills kila gunia huandikwa. Waliozikwa Nakivale nao waandikwe, maana kila mzee anayefariki anaondoka na makaburi ambayo yeye peke yake aliyajua.