Mashine Iliyojua Kusubiri

Mwaka 1994 Baba aliandika programu ya vitendawili. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari iliyokuwa imepewa msaada wa kompyuta moja, mtumba kutoka Ulaya: skrini yenye maandishi ya kijani, kibodi nzito, na disketi za inchi tano na robo zinazopindika kama kadi ya kliniki. Hakuna aliyemfundisha. Alijisomea GW-BASIC kwenye kitabu kilichokuja ndani ya boksi, usiku, baada ya kusahihisha madaftari.

Programu ilianza kwa neno KITENDAWILI na alama ya kuuliza. Usipoandika TEGA, hamwendi popote. Ukiandika TEGA, inatega: NYUMBA YANGU HAINA MLANGO. Halafu inanyamaza. Hata kama jibu unalo, haikupi nafasi ya kuropoka. Lazima ukae na fumbo kwanza. Ukikosa, inadai: NIPE MJI. Ukiipa Tanga, inaandika kwamba imekwenda Tanga, imekula, imekunywa, imelala, na baada ya kukaa huko kidogo ndipo inarudi kukwambia kuwa ni yai. Wanafunzi walipanga foleni mbele ya mashine ile moja ili waulizwe mambo ambayo bibi zao walikuwa wakiwauliza kila siku.

Miaka michache baadaye zikaja kompyuta nyingine, na ile ikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hakuna aliyeandika mahali popote hata modeli yake. Baba alibaki na disketi tatu ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ikakaa juu ya kabati karibu miaka thelathini.

Niliposema nataka kuifufua programu ile, majibu yalikuwa ya aina moja: ya nini? Rafiki yangu mmoja, ambaye kazi yake ni kuandika programu za simu, aliniambia kwamba kuunda upya kompyuta za kale ni ugonjwa wa wazungu wenye gereji kubwa na utoto mtamu. Makala haya ni jibu langu kwake. Alikuwa anasema jambo ambalo wasomi wengi wa rika letu wanaliamini, na nadhani imani hiyo inatugharimu.

Nianze na kilichotokea. Fundi mmoja wa Kariakoo alinichimbulia kisoma disketi cha inchi tano na robo kutoka kwenye rundo la vyuma. Laptopu za leo hazina pa kukichomeka, kwa hiyo niliagiza Greaseweazle, kibao kidogo kinachounganisha kisomaji cha zamani na USB. Kibao hiki hakihangaiki na mafaili. Kinanakili mabadiliko ya sumaku kwenye uso wa disketi jinsi yalivyo, halafu kazi ya kuyafasiri inafanywa baadaye, kwa utulivu, bila kuisugua tena disketi inayokaribia kufa. Disketi mbili zilikuwa zimeota ukungu. Ya tatu ilisomeka.

Nikafungua faili kama maandishi ya kawaida, nikakuta vurugu. GW-BASIC haihifadhi programu kama ulivyoiandika. Kila amri, iwe PRINT au GOTO, inageuzwa kuwa namba fupi ili kubana nafasi. Maneno ya Baba yalionekana hapa na pale, NYUMBA YANGU, NIPE MJI, yakielea katikati ya alama zisizosomeka. Faili lilikuwa zima kabisa, na bila GW-BASIC lilikuwa takataka. Na GW-BASIC yenyewe iliandikwa kwa ajili ya chipu za 8088. Basi nikaweka DOSBox, programu inayoigiza kompyuta za enzi ya DOS, na kuiendesha kwa kasi yote ya laptopu yangu.

KITENDAWILI? Nikaandika TEGA. Ikatega. Nikakosea makusudi, nikaipa Tanga. Kabla sijapepesa macho ilikuwa imekwenda Tanga, imekula, imekunywa, imelala, imerudi na kufuta skrini.

Nilipotazama msimbo nikaelewa. Ukimya wa Baba ulikuwa umeandikwa hivi: hesabu kuanzia 1 hadi 5000, usifanye jambo jingine. Kwa mashine ya zamani hiyo ni kazi ya sekunde kadhaa. Kwa laptopu yangu si kazi. Katika programu nzima hakukupotea hata mstari mmoja. Kilichopotea ni muda, na muda ule haukuwahi kuwa ndani ya disketi. Ulikuwa ndani ya mashine iliyouzwa kwa kilo.

Hapo ndipo ninapoachana na rafiki yangu. Yeye anadhani programu ni maandishi: ukiwa na faili, unayo. Lakini kila aliyekulia na vitendawili anajua kwamba kitabu chenye mafumbo mbele na majibu nyuma hakimtegi mtu. Kitendawili kinataka mtegaji, mtegwaji na kimya kati yao. Programu nayo huishi pale inapoendeshwa tu, na mashine ni nusu ya maana yake. Ukiitupa mashine bila kujua jinsi ya kuiunda tena, umetupa nusu ya kazi, hata kama faili unalo katika sehemu kumi.

Waingereza walilijua hili kwa aibu. Mwaka 1086 nchi ya Mfalme William ilihesabiwa kwa amri yake, na kitabu kilichotokana na hesabu hiyo, Domesday Book, bado kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC ilitoa Domesday mpya: picha, ramani na maelezo ya watu wa kawaida, wakiwamo watoto wa shule wengi, kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa na kisomaji maalumu kilichounganishwa na kompyuta ya BBC Master. Kufikia mwaka 2002, miaka 16 tu baadaye, visomaji na kompyuta hizo vilikuwa vimeadimika kiasi kwamba watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kuiigiza mashine nzima ili diski zitazamike tena. Baadaye wapenzi wa kompyuta hizo walitengeneza kifaa chao wenyewe, Domesday Duplicator, kinachonasa ishara ghafi moja kwa moja kutoka kwenye kisoma diski. Ngozi ya kondoo ilidumu karne tisa. Teknolojia ya kisasa ilihitaji kuokolewa kabla watoto walioiandikia hawajafika umri wa kuwa na wajukuu.

Waliookoa kazi za namna hii mara nyingi ni haohao wanaochekwa. Bob Supnik, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa kampuni ya DEC, alianza mwaka 1993 kuandika SIMH, programu inayoigiza mashine za zamani, zikiwamo PDP-11, ambazo mfumo wa Unix na lugha ya C vilikulia juu yake. Ukishika simu ya Android umeshika kitukuu cha kazi hiyo. Oscar Vermeulen naye alitengeneza PiDP-11: ubao wenye swichi na taa kama za PDP-11/70, mdogo kuliko wa asili, na nyuma yake Raspberry Pi inayoendesha SIMH. Unabonyeza swichi, taa zinakimbia, na unaona kwa macho kompyuta ikifikiri, jambo ambalo hakuna video itakayokufundisha vizuri zaidi.

Kuna pia watu wa MiSTer, ambao hawaridhiki na kuigiza kwa programu. Wanatumia FPGA, chipu ambayo saketi zake zinaweza kupangwa upya. Wanachunguza mashine ya zamani hadi kwenye mapigo ya saa yake, wanachora mpangilio wake, wanaupakia kwenye chipu, na chipu inakuwa Commodore 64, au Amiga, mpaka utakapoipakia mpangilio mwingine. Lengo lao ni hasa kile nilichokikosa mimi siku ile: kila kitu kitokee kwa wakati wake.

Wapo watakaosema kwamba hizo si mashine halisi. Hao huwa ni wakusanyaji, na nawaheshimu, lakini kapasita huvuja, betri hula ubao, plastiki hukatika. Mashine halisi iliyozimwa ndani ya kabati la kioo inatuonyesha sura yake tu. Kati ya hiyo na ubao wa kisasa unaoendesha programu kama ilivyokusudiwa, mwanafunzi wa kesho atajifunza zaidi kwa ubao.

Hoja nzito zaidi ni ya wizi. Wanasema kunakili programu za watu ni kuiba, hata kama kampuni ilifunga zamani. Mimi naishi kwa kuandika na sipendi kuibiwa. Lakini tazama hali ilivyo. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Mwaka uliofuata, mamlaka ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti michezo hiyo kwa mbali. Kazi ya kampuni huko inalindwa miaka 95 tangu ichapishwe, kwa hiyo programu ya Commodore 64 iliyouzwa mwaka 1982 itakuwa huru mwaka 2078. Sumaku ya disketi haitafika huko. Sheria inayomzuia mtu kunakili kitu ambacho mwenyewe hakiuzi, hakitunzi na hakumbuki kama anacho, haimlindi mwandishi yeyote. Inalinda kabati tupu.

Na sisi, zaidi ya wengine, tungepaswa kulijua hilo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, haukutufikia kwa sababu karatasi ya pwani ni imara. Mchwa na unyevu wa pwani havijui fasihi. Tenzi zetu za kale zimetufikia kwa sababu watu walikaa wakazinakili, na karatasi ilipochoka mwingine akanakili tena. Katika hali ya hewa yetu, kunakili ndiyo hifadhi. Anayekupa kitu na kukukataza milele kukinakili amekupa kitu cha kufa.

Najua hoja ya mwisho, maana ndiyo inayopigiwa makofi: nchi ina shule zisizo na madawati, wewe unazungumzia disketi. Ni kweli. Lakini hakuna anayeomba fedha za madawati. Kunakili disketi ni kazi ya dakika chache, na kinachokosekana ni uamuzi kwamba kilichomo kina thamani. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi kabla hazijafika mikononi mwa watu wa kawaida. Kwa hiyo miaka ya tisini, ambayo kwa wenzetu ni jana, kwetu ndiyo enzi ya mwanzo. Hao walimu, makarani na mafundi waliojifundisha wenyewe ndio waanzilishi wetu, na kazi zao ziko juu ya makabati.

Hata kazi kubwa haziko salama. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Ili menyu zile ziwepo, kuna watu waliolazimika kuamua, neno kwa neno, lugha yetu itaitaje kazi ya kompyuta. Hiyo ni sura ya historia ya Kiswahili kama kamusi yoyote ile. Sasa jiulize ni maktaba gani unayoijua ambayo ukienda kesho watakuwekea kompyuta ya wakati ule, halisi au ya kuundwa upya, uione ikifunguka kama walivyoiona watumiaji wake wa kwanza.

Ninachodai si kikubwa. Ofisi au shule inayouza kompyuta chakavu iandike modeli na kasi yake kwenye karatasi, na inakili diski zake kwanza. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha sayansi ya kompyuta vimpe mwanafunzi alama kwa kufufua mfumo wa zamani wa nchini, kama vinavyompa kwa kutengeneza programu ya kuagiza chakula ya mia moja na moja. Na sheria iruhusu waziwazi maktaba kunakili na kuendesha programu zisizouzwa tena. Wewe msomaji, una mzazi, shangazi au mjomba aliyewahi kukaa mbele ya skrini ya kijani. Muulize wiki hii, angali anakumbuka.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo moja lililobaki. DOSBox inakuruhusu kuchagua kasi. Lakini kasi ipi? Kompyuta za aina ile zilitengenezwa na viwanda vingi, nyingine zikiwa na kasi mara mbili ya nyingine, na modeli ya ile yetu ilikwenda na mnunuzi wa vyuma. Nikapeleka laptopu kwa Baba. Akavaa miwani, akaandika TEGA kwa kidole kimoja. Fumbo likatokea, ukimya ukapita, nafasi ya kujibu ikaja.

"Bado ina haraka," akasema.

Nikapunguza. Akaandika TEGA tena, akasubiri, mdomo ukihesabu bila sauti.

"Bado."

Nikapunguza tena.