MPELEKE MWANAO HOSPITALI YA PUNDA



Jana baada ya Alasiri watoto wametoka madrasa, misahafu kifuani, wakamkuta mtoto wa paka mtaroni wakaanza kumpiga mawe. Na sisi wazee tupo barazani, tunacheka! Watoto hao wanakijua kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Kukihifadhi wamekihifadhi. Mikono yao ndiyo haijafundishwa.

Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga mishale. Hakucheka. Aliwaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kufanya hivyo. (Bukhari na Muslim)

Hapa Lamu tuna hospitali ya punda tangu 1987, inatibu bila malipo. Mpeleke mwanao, omba ruhusa, abebe ndoo ya maji, asimame karibu na punda mwenye kidonda mgongoni. Kisha mwambie ukweli: kidonda kile kimetokana na mizigo yetu, mchanga na mawe ya kujengea nyumba zetu. Akilia, mwache alie.

Na wewe mama, usimtishe mtoto kuwa paka ni najisi. Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amesema si najisi. Mtoto akirudi anawe mikono, basi.

Wangu nawapeleka Jumamosi saa tatu asubuhi, inshaallah. Na wewe baba wa yule aliyerusha jiwe la kwanza, nakujua. Njoo naye.