Zawadi Gani Hii?

Wapo wasemao kwamba Mwingereza aliwaachia Wahindi majumba mazuri. Nami nilipata kuwafundisha wanachuo hivyo, mpaka niliposimama mbele ya Victoria Memorial mjini Kolkata. Marumaru yake nyeupe ilichimbwa Makrana, Rajasthan. Fedha, zaidi ya rupia milioni 10, sehemu kubwa zilichangwa na watawala wa kienyeji na raia wa India, kwa wito wa Lord Curzon, yule yule aliyeigawa Bengal mwaka 1905. Lilifunguliwa mwaka 1921. Mwaka 1943 njaa iliua watu wapatao milioni 3 katika jimbo hilo hilo.

Sisemi libomolewe. Nasema tuache kuliita zawadi. Mawe yalikuwa yao, mikono yao, fedha yao. Jina tu ndilo la mgeni. Walimu wenzangu, tuwaeleze watoto nani alilipa.