Mrembo akipika bia jikoni anapigiwa makofi, mama wa komoni je?

Mjini kuna stori moja haitaki kupoa. Mrembo mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, kaanza kupika bia mwenyewe nyumbani kwake. Hachanganyi vinywaji kwenye glasi akapiga picha, hapana. Anaanza na nafaka kabisa mpaka povu, juu ya jiko la gesi lile lile analopikia pilau, na kila hatua anairusha mtandaoni.

Video zikatembea. Komenti zikamiminika: "dada unajua", "hii ndo levo sasa", "tuuzie basi na sisi". Wengine wakasema ni kiki ya kusukuma filamu mpya. Mpaka hapo hakuna la ajabu, maana mjini bila kiki watu hawali.

Mambo yakabadilika kwenye video ya tatu. Jamaa mmoja aliyejitambulisha kuwa ametoka kijiji kimoja na mrembo, huko Nyanda za Juu Kusini, akaandika mstari mmoja tu: mama yako amekusomesha kwa komoni, mbona hilo husemi? Watu wakaanza kucheka. "Kumbe mtoto wa kilabuni!" "Ndo maana pombe anaijua." Haikupita saa moja komenti ile ikafutwa, jamaa akapigwa bloku, na mrembo akaendelea kuonyesha sufuria lake jipya kama vile hakuna kilichotokea.

Watu wengi wanajadili bia. Cha kujadili ni ile komenti iliyofutwa.

Kwanza tuweke sawa anachofanya huyu dada, maana wengi wanashangilia bila kujua. Anachukua kama kilo moja ya kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyolowekwa ikaota kidogo, kisha ikakaushwa. Anaivunjavunja, anaitia kwenye mfuko wa kitambaa, anaizamisha kwenye maji ya moto. Hapo lazima awe na kipimajoto, kwa sababu maji yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 65 mpaka 68 kwa muda wa saa moja. Kwenye joto hilo vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea vinageuza wanga kuwa sukari. Maji yakiwa ya moto sana vinakufa. Yakiwa ya baridi vinazubaa.

Baada ya hapo anatoa mfuko, anachemsha yale maji matamu saa moja nyingine pamoja na hopsi, maua yanayoleta uchungu na harufu. Anapoza haraka, anaweka hamira, anafunika ndoo. Wiki mbili zinapita. Anatia kwenye chupa na sukari kidogo ili ipate gesi, anasubiri kama wiki mbili nyingine. Jasho lote hilo linampa lita nne hivi, sawa na chupa nane za nusu lita, kilevi kikicheza kwenye asilimia 5.

Ni kazi, na anastahili sifa zake. Kuna kitu kingine amekifanya vizuri. Hamira nyingi za bia zinapenda joto la nyuzi 18 mpaka 22, na Dar kila mtu anaijua ilivyo. Kwa hiyo anaiweka ndoo ndani ya beseni la maji na kubadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Bila hivyo bia inatoka na ukali mbaya unaokaa kooni. Huo ni uvumilivu ambao kiki peke yake haiwezi kumpa mtu.

Sasa twende kwa mama wa komoni. Yeye anachukua ulezi, anauloweka, anaufunika kwenye gunia mpaka uote, anauanika juani, anausaga. Hicho ni kimea, jina ni lile lile. Halafu anapika unga wa mahindi. Kwa nini apike kwanza? Kwa sababu wanga wa mahindi mabichi ni mgumu, unahitaji moto uulegeze ndipo kimea kiushike vizuri. Uji ukishapikwa haraki kutia kimea. Anasubiri upoe, maana akikitia kwenye uji unaotokota, nguvu yake inaisha na pombe haitoki. Kipimajoto hana. Anaijua saa yake kwa mkono, na amejifunza kwa mama yake, ambaye naye alijifunza kwa mama yake.

Yaani somo ni moja. Nafaka inaoteshwa, wanga unageuzwa sukari kwa joto la kiasi, hamira inageuza sukari kuwa kilevi. Hata ule uchungu ambao mrembo anaununua kwenye pakiti ndogo ya hopsi kutoka nje, Wachaga wameuweka kwenye mbege miaka na miaka kwa kutumia gome la msesewe. Tena mbege ina kimea cha ulezi pamoja na ndizi. Hakuna mtu aliyewafundisha hayo kwa video.

Tofauti za kweli zipo na tuziseme. Bia ya mrembo inatumia hamira iliyochaguliwa kiwandani, inachemshwa, inakaa kwenye chupa miezi. Komoni inaumuka kwa hamira na bakteria waliomo kwenye kimea na vyombo, ndiyo maana ina uchachu, inanyweka ikiwa bado inafanya kazi, na baada ya siku chache imeshakuwa kali isiyonyweka. Ni kinywaji cha kunywa leo. Hiyo ni aina, kama mtindi na maziwa ya boksi. Haimaanishi mmoja ni wa wenye akili na mwingine ni wa washamba.

Lakini angalia tunavyowaita. Mmoja anaitwa mbunifu, mwingine anaitwa mama pombe. Mmoja akipika, kampuni zinamtumia ujumbe za kutaka kudhamini. Mwingine akipika, mgambo wanakuja kumwaga ndoo. Mmoja wateja wake wanapiga selfi, mwingine wateja wake wanaitwa walevi hata kama wamekunywa kidogo kuliko hao wa selfi.

Kuna watakaosema, "Ah, lakini pombe za kienyeji zinaua." Hapa watu wanachanganya mafaili. Mwaka 2014 nchini Kenya watu wengi walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Ile ni sumu ya viwandani ambayo wahuni wanaichanganya ili kinywaji kionekane kikali. Komoni, busaa na mbege haziko kwenye kundi hilo. Wala haziko kundi moja na gongo, ambayo inakenekwa. Nafaka ikiumuka yenyewe kwenye ndoo haikupi methanoli ya kukupofua, iwe ya mama kijijini au ya mrembo Mbezi Beach.

Hatari ya komoni iko kwingine, na ni hatari ya kweli. Mahindi yakiota ukungu yanabeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi ya chakula tu. Kwa hiyo nafaka mbovu ni mbovu, uifanye ugali au pombe. Maji machafu na ndoo chafu vivyo hivyo. Dawa ya matatizo hayo ni elimu, maji safi na ghala kavu. Kumwaga ndoo ya mama mbele ya watoto wake hakujawahi kukausha mahindi ya mtu.

Na jikoni kwa mrembo nako kuna hatari, ila hizo hakuna anayezitaja kwa sababu taa za video ni nzuri. Bia ikitiwa kwenye chupa kabla haijamaliza kuumuka, gesi inajaa na chupa inapasuka kama bomu. Vioo vinaruka. Ndiyo maana wanaojua wanapima utamu wa bia siku mbili tatu mfululizo, na wakiona kipimo hakishuki tena ndipo wanajaza. Pia chupa nyembamba za kuokota hazifai. Wafuasi wanaotaka kuiga wangeambiwa hilo kwanza kabla ya kuambiwa sufuria limenunuliwa wapi. Na wale wa chini ya miaka 18 wapite tu, hii siyo yao.

Kwenye sheria pia watu wasidanganyane. Kuuza pombe bila leseni ni kosa, kwa mama na kwa mrembo. Kwa hiyo wanaomwambia "tuuzie dada" wanamchimbia shimo. Cha kujiuliza ni nani kati ya hao wawili atakayegongewa mlango akiuza bila karatasi. Kila mtu anajua jibu.

Dharau hii haikuanza leo. Wakati wa ukoloni, huko Kenya Mwafrika alikatazwa bia ya chupa. Ya chupa ilikuwa ya bwana, ya kibuyu ikawa ya mtumishi, na akili hiyo ikabaki hata bwana alipoondoka. Wazungu wenyewe walikuwa na vikwazo vyao. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963, na Marekani ilisubiri mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini sheria mwaka 1978. Leo kule mtu anayepika bia jikoni anaonekana ana kipaji. Kwetu akina mama wamepika muda wote huo na bado wanajificha.

Tena viwanda vyenyewe vimeshastuka. Tangu mwaka 2002, Nile Breweries ya Uganda inauza Eagle, bia ya mtama. Nafaka ile ile iliyoitwa ya kimaskini ikapata chupa, lebo na tangazo, na hakuna aliyecheka.

Turudi kwa mrembo. Ni rahisi kumtukana kwa kufuta ile komenti. Wengi wameshamtukana: kajikana, kamkana mama, mjini kumemlevya. Ila waulizwe hao hao, walifanya nini dakika ile komenti ilipotoka? Walicheka. "Mtoto wa kilabuni" hayakuandikwa na mrembo, yameandikwa na mashabiki wake.

Mtoto wa mama pombe anajua kicheko hicho tangu darasa la kwanza. Anajua sare inayonuka moshi wa kuni. Anajua kutumwa kuni kabla ya shule, kukoroga pipa usiku, kusikia walimu wanasema kwao ni kilabuni huku ada yake ikilipwa kwa sarafu za kilabuni. Wapo wengi sana waliofika kidato cha nne na chuo kwa pesa hiyo, wako maofisini, wako benki, wako bungeni pengine, na hawasemi. Mrembo si wa kwanza kufuta. Yeye kafuta kwa kidole, wenzake wamefuta kimyakimya.

Hata hivyo kuelewa kwa nini amefuta si sawa na kusema amefanya vizuri. Ana jukwaa ambalo wenzake hawana. Na kila anapowaambia wafuasi wake kwamba alijifunza kutoka kwa Wazungu mtandaoni, kuna mwanamke mahali fulani anaangalia simu ya jirani, anamwona mwanaye anakoroga kimea vile vile alivyomfundisha, halafu anasikia jina lake halipo.

Hilo halihitaji kuomba radhi kwa machozi na muziki wa huzuni. Inatosha video moja. Mrembo apande basi, aende nyumbani, amweke mama mbele ya kamera, amwache aeleze kwa nini kimea hakitiwi kwenye uji unaotokota. Amuulize alijuaje joto bila kipimo. Halafu mama aionje ile bia ya Dar na aseme ukweli wake, hata kama atasema ni maji ya uchungu tu. Video hiyo itatembea kuliko zote tatu, na safari hii haitakuwa kiki.

Na mashabiki nao wana zamu yao. Siku mama huyo atakapotokea na khanga yake na mikono yenye unga, watakachoandika chini ya video ndicho kitakachoamua kama binti mwingine, kwenye kijiji kingine, atataja kazi ya mama yake au ataifuta.

Wewe je, ungefuta au ungeiacha? Na mliosomeshwa kwa komoni, mbege, ulanzi au busaa, mpo? Jitajeni hapo chini kwenye komenti. Hakuna atakayefutwa.