Cheo cha Shaba

Si kila akuvikaye pambo amekutukuza. Mwaka 1815, huko Australia, Gavana Macquarie wa Uingereza alimvika Bungaree bamba la shaba kifuani, lenye umbo la mwezi mwandamo, limeandikwa kuwa yeye ni mkuu wa kabila la Broken Bay. Wenyeji wale hawakuwa na wafalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee. Mgeni akawachagulia mkuu, na ardhi akaitwaa yeye. Mwaka 1816 gavana yuyo huyo alituma askari, na huko Appin wakauawa wenyeji wasiopungua 14, wakiwemo wanawake na watoto. Heshima iko wapi hapo? Anayekupa cheo huku akikunyang'anya ardhi hakukuheshimu, amekudhihaki. Tuwafunze watoto wetu kuutazama mkono utoao kabla ya kuipokea zawadi.