Picha ni Shahidi: Isilishwe Maneno

JAMBO ambalo limezusha mabishano makali siku hizi miongoni mwa wapiga picha na mafundi wa kompyuta ni hili la kuingizwa kwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, katika programu za kurekebishia picha. Wako wanaosema kuwa ni neema, na kwamba fundi atakayeikataa atakuwa kama mshonaji aliyekataa cherehani akashikilia sindano ya mkono. Wako pia wanaosema kuwa ni balaa, na kwamba programu yenye kujiheshimu haifai kuikaribisha hata barazani. Je, ni nani mwenye haki? Na sisi watu wa pwani, ambao hupiga picha katika harusi, maulidi na safari za Hija, mabishano haya yatuhusu nini?

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Si kweli kwamba picha ilikuwa ikisema kweli tupu mpaka kompyuta ilipokuja kuiharibu. Tangu uvumbuzi wa Daguerre utangazwe huko Paris mwaka wa 1839, mkono wa binadamu haujaacha kuigusa picha. Mafundi wa studio za zamani walikuwa wakichonga penseli vizuri na kuziba makovu na chunusi juu ya negativu. Hapa kwetu, marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alisifika kwa picha zake za kuunganisha: alikata, akabandika, kisha akapiga upya, na sura ya mtu ikatokea mahali ambapo kamwe isingeweza kuwapo. Nao wapiga picha wa kivukoni Likoni walikuwa wakimsimamisha mteja mbele ya pazia lililochorwa mandhari ya mbali, naye akenda zake kwa furaha na safari ambayo hakusafiri.

Lakini katika hayo yote hakuna aliyedanganyika. Mteja alijua, na aliyeonyeshwa picha alijua. Udanganyifu huanza pale mtazamaji anapofichwa. Mnamo Februari 1982, jarida la National Geographic la Marekani lilitoa jalada lenye picha ya mapiramidi ya Giza, na kwa msaada wa kompyuta mapiramidi mawili yakasogezwa karibu ili picha ya upana ikae vyema katika jalada la urefu. Ni jambo dogo, mtu atasema. Hata hivyo lilizusha lawama nyingi, kwa kuwa wasomaji waliamini kuwa wanaonyeshwa Misri kama ilivyo.

MASHINE INAYOKISIA

Ndugu wawili wa Kimarekani, Thomas na John Knoll, ndio walioandika programu ya Photoshop, ambayo kampuni ya Adobe ilianza kuiuza mwaka wa 1990. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja. Lakini mkono ulibaki kuwa wa fundi. Alichokiondoa alijua kuwa amekiondoa. Mnamo Mei 2023 kampuni hiyo ilianza kutoa zana iitwayo Generative Fill, ambayo mtu huandika maneno tu, kwa mfano kwamba anataka mnazi nyuma ya nyumba, na mnazi ukatokea na kivuli chake.

Yapasa kuelewa jinsi zana hii inavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Mashine imeonyeshwa picha mamilioni kwa mamilioni, ikajifunza vitu hufanana vipi. Ikikuta pengo, hukisia. Haina njia ya kujua mahali pale palikuwa na nini. Hujaza kile ambacho aghalabu huwa mahali kama pale. Ikiwa ni ukuta au mchanga wa pwani, makisio hayo hayadhuru. Je, ikiwa ni uso wa mtu? Je, ikiwa ni jambo linalohitaji ushahidi?

Mnamo Machi 2023 mtu mmoja mwenye simu ya Samsung alifanya jaribio. Alichukua picha ya mwezi, akaififiza makusudi mpaka alama zake zikapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa na kuipiga kwa simu yake kutoka mbali. Picha iliyotoka ilikuwa na mashimo na madoa ya mwezi waziwazi, ilhali hayakuwamo katika ile iliyokuwa mbele ya kamera! Kampuni ilieleza kuwa simu huutambua mwezi na kutumia akili unde kuizidishia picha uwazi.

Msomaji Mwislamu hahitaji kuambiwa uzito wa jambo hilo. Kila mwaka sisi hungojea habari za mwandamo, na kila mwaka hatukosi mabishano. Shahidi wa mwezi huulizwa: Uliuona kwa macho yako? Ulikuwa upande gani? Ulikuwa na nani? Sasa akija mtu na simu mkononi, akasema huu hapa, ni nani aliyeuona? Ni yeye, au ni mashine iliyofunzwa mwezi unavyopaswa kuonekana? Kwa hakika shahidi mwadilifu husema alichokiona, na asipoona husema sikuona. Mashine hii haijafunzwa kusema sikuona.

SURA ZA WAZEE WETU

Tuje kwenye jambo lililo karibu zaidi na nyumba zetu. Katika sanduku nyingi za Mji wa Kale, Lamu, Siyu na Vanga mna picha za wazee waliokwisha kufariki: nahodha, mwalimu wa chuo, bibi aliyekaa juu ya kiti cha studio. Hewa ya chumvi na unyevu imezila. Moja haina pua, nyingine imebakiwa na jicho moja. Siku hizi kijana huichukua picha hiyo, akaipa programu, na katika muda wa kupepesa macho akarudishiwa picha safi, yenye uso kamili na rangi juu yake. Jamaa wote hufurahi.

Lakini uso huo umetoka wapi? Mnamo Juni 2020 watu waliijaribu programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ambayo kazi yake ni kutoa sura kamili kutokana na picha hafifu. Waliipa picha iliyofifizwa ya Barack Obama, ambaye marehemu babake alikuwa Mkenya na ambaye sura yake inajulikana dunia nzima. Programu ikatoa sura ya Mzungu. Kwa haki, watafiti wale hawakudai kuwa wanarudisha sura ya mtu halisi. Walisema wazi kuwa ni sura ya kubuni. Hata hivyo somo ni lile lile: mashine hukisia kutokana na ilizozizoea. Na je, katika hizo picha mamilioni ilizoonyeshwa, ni ngapi zilizokuwa za Wabajuni, Wamijikenda au Waswahili wa Mvita?

Ikiwa rais wa taifa kubwa aliweza kugeuzwa, nahodha wa Siyu atasalimika vipi? Leo bado yupo bibi kizee awezaye kuitazama picha mpya akasema, “Huyu siye.” Atakapoondoka bibi huyo, hatakuwapo wa kukanusha. Vitukuu watamrehemu mzee wao huku wakiitazama sura ya mtu ambaye hakuzaliwa kamwe.

Ulamaa walijadiliana sana kuhusu picha, na mpaka leo wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kati ya mwaka wa 1914 na 1920, ni miongoni mwa waliozijuzisha picha za kamera, na hoja yake mashuhuri ni kwamba kamera haiumbi sura bali hukizuia kivuli cha kitu kilichopo. Sikusudii kutoa fatwa. Hukumu tuwaachie wenye elimu. Lakini hata asiyekuwa mwanachuoni aweza kuona kuwa hoja ile ilitegemea kuwapo kwa kitu chenye kivuli. Sura iliyobuniwa na mashine ni kivuli cha nani?

SITARA YA HARUSI

Liko jambo la pili, nalo ni la heshima. Katika harusi zetu, usiku wa kupamba bibi harusi ni wa wanawake peke yao. Nyumba nyingi huzikusanya simu mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke anayeaminiwa. Picha zile ni amana. Lakini mpiga picha huyo akitumia zana kama Generative Fill, kazi haifanyiki ndani ya kompyuta yake. Picha husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye mitambo ya kampuni ng'ambo, ikatengenezwa huko na kurudishwa. Mlango uliofungwa kwa komeo hapa umefunguliwa kwingine, na mwenye harusi hana habari.

Mnamo Juni 2024 wateja wa Adobe duniani walilalamikia masharti mapya ya kampuni hiyo, wakihofia kuwa kazi zao zitatumiwa kuifunza mashine. Kampuni ilibidi kueleza kuwa haiifunzi akili unde yake kwa kazi za wateja. Maelezo hayo ni mema, lakini yaonyesha kuwa amana ya watu imekaa juu ya karatasi ya masharti ambayo wengi wetu huikubali bila ya kuisoma.

Na kuna baya zaidi. Zipo zana zinazoweza kumvua mtu nguo katika picha bila yeye kujua. Mnamo Januari 2026 nchi za Indonesia na Malaysia, zote zenye Waislamu wengi, zilifunga kwa muda huduma ya Grok baada ya watu kuitumia kutengeneza picha za aibu za wanawake wasioridhia. Hapa Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha au za utupu za mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Sheria hiyo ni ya maana. Lakini mahakama humshika mwizi baada ya kuiba, na binti aliyekwisha kuvunjiwa heshima mtaani hairudishiwi na hakimu.

TUFANYE NINI BASI?

Pamoja na hayo yote, sikubaliani na wale wanaotaka akili unde ipigwe marufuku katika kila programu. Yuko kijana mwenye kamera moja na kompyuta ya mkopo, anayepiga picha mia nane katika harusi moja na kutakiwa kuzitoa kwa siku tatu. Zana inayofuta vumbi, kurekebisha mwanga au kumtenganisha mtu na ukuta ulio nyuma yake inamwokolea usiku mzima wa kazi. Kumwambia aiache ni kumwonea. Kadhalika si kweli kwamba wafanyabiashara hawana hiari. Agosti 2024 wenye programu ya kuchorea ya Procreate walitangaza kuwa hawataingiza akili unde ya kubuni picha katika bidhaa zao. Basi kukataa kunawezekana, na kuchagua kunawezekana vile vile.

Tunachopaswa kudai ni uchaguzi huo. Zana za kusafisha zitengwe na zana za kubuni, kila moja iitwe kwa jina lake, na hizi za pili zibaki zimefungwa mpaka mwenye kompyuta azifungue kwa hiari yake. Kazi ifanyike ndani ya kompyuta ya fundi kila inapowezekana, ili picha isitoke nyumbani. Zana yoyote ikatae kabisa kumvua mtu nguo. Tena picha iliyobuniwa ichukue alama. Tangu mwaka wa 2019 Adobe na wenzake wamekuwa wakisimamia mpango wa kutia ndani ya faili maelezo ya jinsi picha ilivyotengenezwa. Ni mwanzo mwema, ingawa alama hiyo hupotea mara tu mtu anapoipiga picha upya kutoka kwenye skrini. Programu zisizouzwa, kama GIMP iliyoanzishwa mwaka wa 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, zina nafasi ya kuonyesha mfano katika haya, kwa kuwa haziwindi faida.

Nasi tusingojee kampuni. Fundi wa harusi na amwambie mwenye harusi mapema kama picha zitapelekwa ng'ambo, na akikataliwa akubali. Anayetengeneza picha ya marehemu aandike nyuma yake kuwa sehemu fulani ya uso imekisiwa. Anayeleta picha mbele ya kadhi, chifu au wazee wa mtaa na aulizwe kama shahidi mwingine yeyote: Nani alikuona? Nani alikugusa?

Na zaidi ya yote, picha ya asili isitupwe kwa sababu mpya imekuja nzuri zaidi. Ifungwe katika karatasi kavu, irudishwe sandukuni. Ile iliyochanika, yenye doa la chai na jicho moja, ndiyo iliyomwona babu.